Chambo Hai na Hesabu Yake



Wapendwa wasomaji wetu, Jumamosi iliyopita, baada ya mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, tuliwapeleka watoto wa parokia yetu kutembea kwenye bwawa la Igombe, kaskazini mwa mji wetu wa Tabora. Hilo ndilo bwawa lililowanywesha watu wa mji huu kwa miaka mingi, kabla mabomba hayajatuletea maji ya Ziwa Viktoria. Pale ukingoni tulimkuta mzee mmoja, muumini wetu anayesali Misa ya kwanza, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akivua kwa ufito na ndoana. Watoto walimzunguka mara moja, kama kawaida yao.

Mzee alitia mkono katika kopo la maji, akatoa samaki mdogo aliye hai, urefu wake haupiti kidole cha kati. Akampitisha ndoana mgongoni kwa uangalifu mkubwa, akamtupa majini. Hapo binti mmoja wa miaka tisa alitugeukia, akauliza kwa sauti iliyosikiwa na wote: “Padre, huyu mdogo amekosa nini?”

Tunakiri kwamba tulitafuta jibu la haraka, wala hatukulipata. Mzee naye alinyamaza akiangalia boya lake. Kwa juma zima swali hilo limekuwa nasi, na tafakari yetu ya leo ni jaribio la kulijibu. Tutapita katika historia ya mji wetu na ya maziwa mawili yanayoulisha, kwa maana tunaamini kwamba jibu limelala njiani humo.

Tuanze na kazi yenyewe, kwani wengi wetu tunakula samaki bila kujua namna alivyopatikana. Vifaa vya mzee wetu ni vichache: ufito wa mwanzi, uzi wa nailoni, ndoana moja, na boya alilolikata kwa kisu kutoka katika ndala kuukuu. Boya lile lina kazi mbili. Kwanza, humshikilia chambo katika kina anachokitaka mvuvi, asizame kwenye tope wala asijifiche katika majani. Pili, humpa mvuvi habari za chini asikoweza kuona. Likitetemeka kidogo kidogo, ni chambo mwenyewe anaogelea. Likienda upande ghafla, kisha likazama, basi mkubwa amekuja.

Na kwa nini chambo awe hai? Mzee alitueleza kwamba samaki anayekula wenzake hutafuta kinachojongea. Kambare anaishi katika maji machafu ambamo macho hayamsaidii sana, basi hutegemea ndevu zake, harufu, na mtikisiko wa maji. Samaki mdogo anayehangaika huita kuliko nyama iliyolala. Ndiyo sababu ndoana hupitishwa chini ya pezi la mgongoni, juu ya uti, ili chambo aendelee kuogelea kwa muda mrefu iwezekanavyo. Mvuvi asiye na ustadi humwua chambo wake mapema, akashinda pale mpaka jioni akiangalia boya lisilocheza.

Wapendwa, tunaposoma Injili tunazoea kuwaona Mitume na nyavu zao. Nyavu zilitupwa, zikajaa, zikakaribia kukatika; nyavu zilioshwa, zikatengenezwa, zikaachwa ufukoni. Lakini mahali pamoja tu katika Injili zote nne panatajwa ndoana. Ni katika sura ya 17 ya Mathayo, pale Bwana alipomtuma Petro aende baharini kutupa ndoana, achukue samaki wa kwanza atakayezuka, na kinywani mwake aikute fedha ya kulipia kodi ya Hekalu kwa ajili yao wawili. Wavu hukusanya wengi pamoja, wazuri na wabaya, na kazi ya kuchagua hufanyika baadaye ufukoni. Ndoana humpata mmoja, na mvuvi humtazama huyo mmoja usoni.

Wapo wataalamu wa Ziwa la Galilaya wanaosema kwamba samaki yule wa Petro huenda hakuwa perege, ingawa perege ndiye aliyepewa jina la Mtume huyo. Perege wa ziwa lile hula zaidi vijimea vidogo vinavyoelea majini, hana haja kubwa na ndoana. Wao humdhania samaki mwingine mwenye ndevu, alaye samaki wadogo. Tena jambo la kushangaza ni kwamba kambare yule yule tunayemvua hapa Igombe yumo pia katika Ziwa la Galilaya. Wayahudi hawakumla, kwa kuwa hana magamba, na Sheria ya Musa ilikataza samaki wa namna hiyo. Hata hivyo Petro alimjua. Aina moja ya samaki imeenea kutoka kusini mwa Afrika hadi nchi ya Bwana wetu, nayo hunyemelea chambo kwa ndevu zile zile.

Sasa turudi nyumbani. Mji wetu haukuzaliwa kando ya maji makubwa. Mto Igombe huenda magharibi kuungana na Malagarasi. Malagarasi humwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika, na Ziwa Tanganyika hutoa maji yake kwa mto Lukuga hadi Kongo na Bahari ya Atlantiki. Ziwa Viktoria nalo, kaskazini yetu, huulisha mto Nili hadi Bahari ya Kati. Tabora imekaa katikati ya njia za kwenda kwenye maziwa hayo mawili, na kwa sababu hiyo misafara ilipumzika hapa. Wazungu Burton na Speke walipotoka pwani mwaka 1857 walitembea zaidi ya miezi minne hadi kufika Kazeh, yaani hapa kwetu, mwezi Novemba. Kutoka hapa waliendelea hadi Ujiji, wakafika Februari 1858. Na kutoka hapa hapa Speke alikwenda kaskazini mwezi Julai mwaka huo, akaliona Ziwa Viktoria mwanzoni mwa Agosti. Tusisahau kwamba njia hizo mbili hawakuzigundua wao. Wanyamwezi walikuwa wamezikanyaga zamani, wakibeba chumvi, majembe, pembe za ndovu, nguo na shanga.

Katika njia ya magharibi palikuwa na mambo mawili ambayo msafara usingeweza kuyakwepa. La kwanza ni mto Malagarasi. Watawala wa Uvinza waliwavusha wasafiri kwa mitumbwi, na malipo yalijadiliwa mpaka jua linazama. Stanley alipovuka hapo mwaka 1871 akienda kumtafuta Livingstone, alilipa nguo nyingi, na bado punda wake mmoja alikamatwa na mamba katikati ya mto. La pili ni chumvi ya Uvinza. Wachunguzi wa mambo ya kale wamethibitisha kwamba watu wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi zile kwa zaidi ya miaka 1,000. Chumvi ile ilisafiri mbali kwa mabega ya wapagazi, na mahali penye chumvi, samaki naye huweza kusafiri bila kuoza.

Mwisho wa njia ile ni Ujiji, na huko uvuvi ulikuwa maisha yenyewe. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa kuwavuta na mwanga, kisha huanikwa juani. Mwanga ule nao ni chambo, ingawa hauna damu. Migebuka na sangala, ambao ni wakubwa zaidi, huwafuata dagaa, na hao tangu zamani wamepatikana pia kwa mshipi na ndoana. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, safari ya majuma mengi ikawa ya siku moja au mbili. Mwaka 1928 njia nyingine ya reli ilikamilika kutoka Tabora hadi Mwanza. Tangu hapo mji wetu usio na ziwa umekula kutoka maziwa mawili. Nani kati yetu hakulelewa kwa dagaa wa Kigoma, au kwa samaki wa Mwanza aliyekaushwa kwa moshi?

Reli iliyoleta samaki ilichukua pia vijana. Babu zao walikuwa wapagazi hodari, watu huru waliofanya kazi kwa ujira na kujivunia nguvu zao. Wajukuu walipanda treni kwenda kutafuta maisha Mwanza. Mmoja wao ni huyu mzee tuliyemkuta Igombe. Alipoona tumekaa naye nyasini, alitusimulia kwamba alikwenda kule akiwa kijana katika miaka ya 1980, wakati habari za sangara zilipoenea kila kituo cha treni.

Sangara hakuwa mwenyeji wa Ziwa Viktoria. Alipandikizwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wahusika waliona ziwa limejaa furu, samaki wadogo wenye miba mingi na bei ndogo, wakafikiri kwamba samaki mkubwa akiwala hao, nyama isiyouzika itageuka kuwa nyama yenye thamani. Kwa maneno mengine, furu wote wa ziwa walifanywa chambo. Kwa miaka 20 hivi mabadiliko yalikwenda polepole. Katika miaka ya 1980 sangara waliongezeka ghafla kwa namna isiyotazamiwa. Furu wakapungua vibaya, na wataalamu wamekadiria kwamba aina zipatazo 200 zilitoweka au zilikaribia kutoweka, kabla ya baadhi yao kuanza kurudi baadaye. Katika miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, na samaki wetu akafika mezani Ulaya.

Sangara anaweza kufikia urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200. Humvua kwa nyavu, na humvua pia kwa mshipi mrefu wenye mamia ya ndoana. Kila ndoana hufungwa kwa uzi wake mfupi, na mshipi wote hushikiliwa na maboya juu na mawe chini. Hutegwa jioni na kuinuliwa asubuhi. Na kwa kuwa sangara hupenda mawindo yanayojongea, wavuvi hutia chambo hai. Kambare mdogo ndiye apendwaye kuliko wote. Ana kiungo cha pekee kinachomwezesha kuvuta hewa, hivyo hafi upesi katika ndoo, na akishatiwa kwenye ndoana huishi muda mrefu kuliko furu. Ni kazi ile ile aliyoifanya mzee wetu Igombe kwa ndoana moja na kipande cha ndala, ila huko imezidishwa mara mia.

Uvuvi wa ndoana una sifa njema. Ndoana kubwa yenye chambo kikubwa haimpati mtoto wa sangara kwa urahisi, na kwa miaka mingi kanuni zetu zimekataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50, ili apate kuzaa kwanza. Mtu akilinganisha ndoana na kokoro, lile linalokokotwa ufukoni na kukusanya kila kilicho hai, ataona mara moja ipi ni ya haki zaidi. Mzee wetu alikubali hayo yote. Kisha akatuuliza swali ambalo hatukulitarajia: “Lakini Baba Paroko, chambo chenyewe kilitoka wapi?”

Akajibu mwenyewe. Ndoana mia tatu zinataka samaki wadogo mia tatu kila jioni. Ili kuwapata, yeye na wenzake walikwenda alasiri kwenye matete, mahali samaki wanapozalia na kulelea, wakikokota vyandarua vya mbu na vipande vya kokoro. Walichukua kilichofaa. Kisichofaa kilibaki kikavu mchangani. “Tuliwakamata watoto ili tuwapate wazazi,” alisema. “Baada ya miaka kadhaa tukawa hatuwapati wazazi wala watoto. Nikarudi Tabora.”

Wapendwa, hapo ndipo tulipoona uzito wa swali la yule binti. Chombo kilicho chema kilikuwa kinalishwa na chombo kiovu, na hakuna aliyeuona uovu huo, kwa sababu ulifanyika mapema kabla ya kazi inayoonekana. Mnunuzi sokoni alimwona sangara mkubwa aliyevuliwa kihalali. Kiwandani walipima urefu wake. Chambo hakikupimwa na yeyote, wala hakikuandikwa popote. Siku hizi katika nchi zote tatu za ziwa hilo wapo wafugaji wanaozalisha vifaranga vya kambare katika mabwawa na kuwauzia wavuvi, ili matete yaachwe yapumzike. Ni njia njema, ingawa ina gharama, na mvuvi maskini huvutwa daima na kile kinachopatikana bure.

Tukiwa watoto wa njia ya misafara, hatuwezi kuishia kwa samaki. Njia ile iliyotupa mji ilikuwa na mambo yake yaliyofanyika kabla ya kazi inayoonekana. Pwani walihesabu pembe za ndovu, frasila kwa frasila, na vitabu vya wafanyabiashara viliandika vizuri. Lakini pamoja na wapagazi huru walitembea pia watumwa, na miongoni mwao watoto waliotekwa vijijini na kubadilishwa kwa nguo. Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadre Weupe, walipita Tabora mwaka 1878. Wengine wakaendelea hadi Ujiji na wengine hadi Ziwa Viktoria, kwa njia zile zile mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 walianzisha kituo Kipalapala, karibu na mji wetu, wakawapokea watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1889 iliwabidi wakiache kituo hicho kwa sababu ya uadui uliokuwapo wakati huo. Sisi mapadre tuliosoma katika Seminari Kuu ya Kipalapala, iliyofunguliwa hapo mwaka 1925, tumetembea miaka mingi juu ya ardhi iliyokanyagwa na watoto hao. Tulisoma sana habari za maaskofu na za watawala wa zama zile. Ni mara chache tulipoambiwa jina la mtoto mmoja aliyelala pale.

Hatusemi kwamba samaki ni sawa na mtoto wa mtu. Mungu apishe mbali. Mwanadamu amepewa samaki kuwa chakula, na Bwana mwenyewe baada ya kufufuka aliwaokea wanafunzi wake samaki kando ya ziwa. Tunasema tu kwamba tabia ni moja. Mtu aliyezoea kutomhesabu mdogo majini, ataona si shida kutomhesabu mdogo shambani, kiwandani, au nyumbani kwake, yule binti wa kazi anayeamka kabla ya wote.

Turudi basi pale Igombe. Baada ya muda boya la ndala lilikwenda upande, likazama. Mzee hakuvuta. Alisubiri kwa pumzi tatu au nne, mpaka kambare alipokwisha kumeza, ndipo akainua ufito. Alikuwa kambare mzuri, mrefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni. Watoto walipiga kelele za furaha, isipokuwa yule binti, ambaye alichungulia ndani ya kopo.

“Babu, wamebaki wawili,” alisema.

“Wamebaki wawili,” mzee alijibu. “Nilikuja na watatu. Kila siku watatu tu. Wakiisha, naenda nyumbani, nimepata au sikupata.”

Binti akarudia swali lake, safari hii kwa mzee mwenyewe: yule mdogo alikosa nini?

“Hakukosa kitu, mjukuu wangu,” alisema mzee. “Ndiyo maana namhesabu.”

Sisi tuliosoma falsafa na taalimungu kwa miaka mingi hatuna jibu bora kuliko hilo. Hatuwezi kuishi bila kugharimu kitu, na anayedai kwamba mlo wake haukumgharimu yeyote hajauliza vizuri. Lakini tunaweza kujua gharama hiyo ni ya nani, kuiwekea kiasi, na kwenda nyumbani kiasi hicho kikiisha. Jua lilipoanza kushuka mzee alifungasha vitu vyake. Chambo mmoja alikuwa amebaki kwenye kopo. Alimpa yule binti kopo hilo, naye akalimimina taratibu pembezoni mwa matete, akasimama pale mpaka maji yalipotulia.

Juma hili, kila mmoja wetu anapoketi mezani, na ajiulize walau mara moja chambo kilitoka wapi. Tukutane tena juma lijalo, Mungu akipenda.